Kapena, Malasada na Sharti la Krismasi

Las Vegas,
18 Agosti 1996

Babu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, nyonga haikusumbui, na huko kwetu Kula, mlimani, kuna baridi yake ya kawaida. Sisi huku ni wazima, ila tunaokwa. Jana mama alisahau kijiko dirishani, alipokuja kukishika akapiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta. Hakuna ukungu, hakuna ng'ombe, na watu wanapishana kwenye ngazi bila salamu. Lakini tumeshakutana na familia tatu kutoka kisiwa chetu cha Maui, na dukani kuna mchele wetu, kwa hiyo hatujafa.

Sasa mambo ya maana. Vinyonga wangu, Kapena na Malasada, wanaendeleaje? Siku tuliyoondoka nilikueleza kila kitu na wewe ulikuwa unaitikia "ndiyo, ndiyo" huku macho yako yako kwa farasi. Kwa hiyo naandika upya. Tafadhali bandika karatasi hii jikoni.

Kapena, yaani nahodha, ndiye dume mwenye pembe tatu, na ncha ya pembe yake ya kushoto imekatika kidogo. Malasada ndiye jike, hana pembe, ni mviringo kama andazi la malasada, ndiyo maana nikampa jina hilo. Kila mmoja awe na kizimba chake, maana wakikaa pamoja Kapena anamsumbua mwenzake mpaka anakataa kula. Kizimba kiwe cha wavu, si cha kioo, na ndani kuwe na mti hai. Wapate jua la asubuhi na kivuli mchana. Wanakula panzi, nyenje na mende, lakini mende wa nje tu, si wale wa jikoni tulipopuliza dawa. Mara mbili kwa wiki wapakaze wadudu ule unga mweupe wa chokaa, ni wa mifupa yao. Na usiwashikeshike, Babu! Kinyonga si mbwa. Anapenda kutazamwa, hapendi kubebwa.

Ningeweza kuwaleta huku ningewaleta, lakini unajua sheria hairuhusu watoke visiwani. Nilipowakamata mwezi wa saba nilidhani ningekuwa nao maisha yangu yote. Nimekaa nao wiki tano.

Halafu kuna lile sharti la mama. Najua ulisema ni upuuzi, lakini mama hatanii. Ndani ya ndege amelirudia: "Baba akiweza kutunza vinyonga wawili mpaka Krismasi, nikaja nikawakuta wote wawili wazima, atabaki nyumbani kwake. Akishindwa hao, hawezi kujitunza mwenyewe. Atakuja kuishi nasi, na nyumba ya Kula tutaifunga." Mimi nimekutetea. Nimemwambia utaweza, na kama huwezi wewe hakuna anayeweza. Usiniangushe.

Niandikie kila baada ya wiki mbili, nami nitamsomea. Simu achana nayo. Mara ya mwisho ulisikia nusu ya maneno yangu na ukapiga kelele kama unaita ng'ombe wa bonde la pili.

Mjukuu wako,
Kamalei


Kula,
2 Septemba 1996

Kamalei mjukuu wangu,

Marahaba, marahaba sana. Mimi mzima, farasi mzima, nyonga iko mahali pake. Ukungu umeshuka leo mpaka kwenye lango. Nimefurahi kusikia mnakula wali.

Mwambie mama yako hivi. Mimi, Alfredo Medeiros, nimefundisha farasi mia mbili na kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa amemvunja mtu mbavu. Kisha leo nipewe mtihani wa mijusi wawili! Nimekubali tu ili nimwone uso wake siku ya Krismasi.

Vizimba nimevitengeneza mwenyewe. Nilichukua wavu wa banda la kuku na mbao za zizi la zamani, nikavifanya virefu kuliko mimi. Kila kimoja kina mbuni wa kahawa ndani, miti nimeing'oa na mizizi yake kule nyuma ya tangi. Bawaba ni za shaba. Sijaona kinyonga Maui nzima anayelala pazuri namna hiyo, na ukimwona niambie nikabomoe.

Sasa nikupe na aibu yangu. Maji niliwawekea kwenye bakuli la bibi yako, lile la kukandia unga. Farasi anakunywa kwenye hori, nikasema na hawa ni vivyo hivyo. Siku tatu hawakuligusa. Nikadhani wamegoma, nikawaambia hata mimi naweza kugoma. Siku ya nne asubuhi nikamkuta Kapena anaramba umande kwenye jani, polepole, macho amefumba nusu kwa raha. Ndipo nikaitafuta karatasi yako. Ilikuwa chini ya kikombe cha kahawa. Nikaisoma yote na wala maji hujaandika! Kwa hiyo hilo kosa ni letu sote.

Sasa kila kizimba kina kopo la maharage juu yake, lenye tundu la msumari mwembamba. Tone moja, jani, tone jingine, jani. Kapena analijua kopo lake. Akisikia najaza maji anateremka tawi kama bwana mkubwa anayeitwa mezani.

Anatazama pande mbili kwa wakati mmoja, jicho moja kwangu na jingine kwa Malasada. Bibi yako Lehua alikuwa anatazama hivyo kanisani.

Fumiko wa jirani, mama vitunguu, amekuja kunicheka. "Alfredo, mtu mzima unacheza na mijusi?"

Nikamwambia, "Si mijusi. Huyu ni nahodha, na yule ni bibi wa watu. Vua kofia."

"Kwenye ua wangu manahodha wako kumi," akasema. "Njoo uchukue jeshi zima."

Lakini jana amerudi na chupa imejaa panzi. Anasema amewakuta njiani tu. Panzi thelathini, njiani tu!

Babu yako


Las Vegas,
15 Septemba 1996

Babu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, namshukuru Mungu, na joto limepungua kidogo. Habari za nyonga? Hukusema inauma au haiumi, umesema iko mahali pake. Nyonga ya kila mtu iko mahali pake, Babu.

Kweli maji sikuandika. Nisamehe. Nilipomsomea mama habari za kopo la maharage alicheka mpaka akakaa chini, ndiyo mara ya kwanza tangu tuhamie huku. Kisha akauliza, "Bakuli la mama bado analo?" Nikamwambia analo na vinyonga wamelikataa.

Shuleni tuliambiwa kila mtu azungumze kuhusu kitu cha kwao. Nikazungumza kuhusu Kapena. Nilichora pembe zake ubaoni, nikaeleza jinsi ulimi unavyotoka, na kwamba jike wao hatagi mayai, anazaa watoto kabisa. Nilisoma kitabu cha maktaba kinasema mababu wa vinyonga wetu waliletwa kutoka milima ya Kenya, mama akiwa msichana, wakatoroka wakazaana. Na huko kwao watu wengi wanawaogopa! Mvulana mmoja akauliza nani anawatunza sasa. Nikasema babu yangu, aliyefundisha farasi mia mbili na kumi na mmoja. Darasa zima likasema "lo!" Mwalimu ameniomba picha.

Kitabu kinasema pia: akiwa mweusi ana baridi, au hasira, au hofu. Akifumba macho mchana, hiyo ni hatari kubwa. Na wa aina yetu hawawezi joto, ni viumbe wa mlimani. Kula panawafaa kuliko mahali pote.

Nakuonea fahari sana, Babu.

Mjukuu wako,
Kamalei


Kula,
6 Oktoba 1996

Kamalei mjukuu wangu,

Marahaba. Sote wazima, wenye miguu miwili na wenye minne. Eti watu wa Kenya wanawaogopa? Basi wamepoteza kitu kizuri. Hawa sasa ni wenyeji wa Kula, wanaamka mapema na hawapendi wageni.

Picha iliyomo humu amepiga Fumiko. Mimi ndiye mwenye kofia.

Malasada amenenepa. Ubavu wake umekuwa na vinundu na amekuwa mkali, nikisogea anafungua kinywa chekundu na kunipulizia. Nimemwongezea panzi, nimemtundikia gunia upande mmoja asimwone Kapena. Nimeona farasi jike wengi, nami sisemi kitu, lakini nimeacha kumwita andazi.

Kapena naye sasa anakula mkononi mwangu. Nashika panzi kwa vidole viwili, nasimama kimya. Anatulia, anapima. Kufumba na kufumbua, vidole vitupu! Nilimwita Fumiko aone mara tatu, mara zote tatu hakukosa. Usinikumbushe ya kushikashika, mimi simshiki, yeye ndiye ananipandia mkono.

Gwaride la farasi la Oktoba, kule pwani, limekaribia. Nimepita kwenye gwaride hilo mara thelathini na moja, na kabla yangu alipita baba yangu. Mwaka huu mama yako amenikataza kupanda farasi, na daktari amemsaidia kunikataza. Sawa. Nimesema sitapanda, na sitapanda. Lakini haijawahi kupita Oktoba nyumba ya Medeiros ikakosekana kwenye gwaride. Nina mpango wangu. Sisemi. Utaona picha.

Babu yako


Las Vegas,
27 Oktoba 1996

Babu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Sisi hatujambo. Picha yako na Kapena nimeipeleka shuleni, imebandikwa ukutani karibu na ramani.

Gwaride lilikuwaje? Naingoja hiyo picha nyingine. Na Malasada?

Mjukuu wako,
Kamalei


Las Vegas,
5 Novemba 1996

Babu,

Shikamoo. Unaumwa? Mwezi mzima sijapata barua. Mama amempigia Fumiko simu. Fumiko akasema, "Yuko, anakula, anatembea," na hakusema zaidi, na wewe unajua Fumiko hawezi kusema kidogo. Mama hakuniambia kitu lakini ametoa masanduku matupu kabatini.

Andika hata mstari mmoja.

Kamalei


Kula,
10 Novemba 1996

Kamalei mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi siumwi. Barua hii nimeianza mara nne.

Kapena amekufa. Nimemuua mimi.

Nakueleza yote kama yalivyokuwa, na ninataka mama yako aisome mwenyewe, usimsomee.

Sikupanda farasi. Niliosha pikapu, nikachukua mbuni mdogo kwenye ndoo nikaufunga juu ya boneti, nikamweka Kapena pale. Nilitaka watu waone kitu ambacho nyumba ya Medeiros imekifuga mwaka huu. Na wewe unajua desturi yetu: hakuna farasi anayeingia kwenye gwaride bila shada la maua shingoni. Anayemtoa farasi wake mtupu anachekwa mpaka mwaka unaofuata. Nikachuma vichipukizi vya mawaridi ya bibi yako, vile vidogo kabisa, nikavitunga kwa uzi, usiku wa kuamkia gwaride na asubuhi yake. Mashada nimetunga maisha yangu yote na hilo ndilo lililokuwa zuri kuliko yote. Nikamvisha.

Watu walipiga makofi. Watoto walikimbia kando ya pikapu wakiita "Kapena! Kapena!" Mkuu wa gwaride alivua kofia. Nami nikavimba kichwa, nikapunga mkono kushoto na kulia, na sikumtazama. Kule pwani kulikuwa na joto la kukaanga yai, bendi ilikuwa nyuma yetu, na boneti ilikuwa ya moto. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, ile inayosema hawawezi joto. Nilikuwa nayo mfukoni, Kamalei.

Tulipofika mwisho alikuwa mweusi kama mkaa, ananing'inia kwa mguu mmoja, macho amefumba. Nikakata uzi kwa meno. Daktari wa mifugo akasema ni joto na hofu, na uzi umemchubua koo. Nikakaa naye siku kumi na moja. Nilimdondoshea maji mdomoni kwa unyoya. Siku ya sita alifumbua jicho moja nikadhani tumevuka. Tarehe thelathini asubuhi, nikiwa nimeshika tawi lake, aliachia mguu mmoja, kisha wa pili. Nimemzika chini ya mparachichi. Nilivua kofia.

Sasa la pili, nalo ni baya kuliko la kwanza.

Siku mbili baadaye Fumiko alikuja na mfuko wa vitunguu. Ndani yake kulikuwa na dume, pembe tatu, ukubwa uleule, kijani kilekile. Ametoka kwenye ua wake. "Chukua," akasema. "Binti yako Charlene anakuja Krismasi, ataona wawili, atarudi zake. Nani atajua?"

"Kamalei atajua," nikamwambia. "Pembe ya kushoto ya Kapena ilikatika ncha."

Fumiko akamgeuza yule dume, akaitazama pembe yake ya kushoto, nzima. Kisha akasema, "Una tupa ya kusugulia kwato, huna?"

Usimlaumu. Mimi na yeye tumepakana miaka arobaini, hataki niende. Na mimi sitaki kwenda. Bibi yako amezikwa hapa. Nikikaa kwenye ngazi naona visiwa vitatu, na kila jiwe la zizi nimelibeba mimi. Nilimweka yule dume kwenye kizimba cha Kapena siku tatu. Siku ya tatu nikaichukua tupa. Nilimshika kwa mkono wa kushoto, nikaiweka tupa kwenye ncha ya pembe. Hakupigana. Aligeuza jicho moja akanitazama mimi, na lile jingine likatazama tupa.

Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikamrudisha kwenye ua wa Fumiko, tawi lilelile alilotoka.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalize. Mwezi wa tatu nilimwambia mama yako nina mafua. Sikuwa na mafua. Nilianguka karibu na hori nikiwa natoka kula chakula cha mchana, nikalala pale mpaka jua likazama, ndipo Fumiko akanikuta. Nyonga ndipo ilipoharibika. Nilimwapisha Fumiko asiseme. Nilijua nikisema nitahamishwa.

Malasada yuko hai, anakula, ni mnene sana. Lakini sharti lilikuwa wawili. Nimeshindwa, na mimi si mtu wa kubishana na mizani. Nisamehe kuhusu Kapena. Ulinipa kitu chako nami nikakivisha maua ili watu wanitazame mimi.

Babu yako,
Alfredo


Kula,
1 Desemba 1996

Kamalei,

Natumaini ninyi ni wazima. Sijapata jibu, na sikulaumu.

Nimeanza kufunga vitu. Tandiko nimelipaka mafuta nikalitia kwenye sanduku, ingawa sijui huko Vegas nitaliweka juu ya nini. Farasi atachukuliwa na watu wa ranchi ya juu. Malasada atabaki na Fumiko, nimemfundisha kazi ya kopo, na ile karatasi yako nimembandikia jikoni kwake.

Mwambie mama yako niko tayari.

Babu yako


Las Vegas,
7 Desemba 1996

Babu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima. Nisamehe kwa kukaa kimya, nitakuambia kwa nini na sitapunguza kitu, kwa sababu na wewe hukupunguza.

Barua yako nilisoma kwanza mimi. Nililia, halafu nikakasirika. Nilikuwa nimeandika! Nilisema hawawezi joto! Nilibandua picha yako ukutani shuleni nikaitia dawatini. Siku tisa sikumpa mama barua. Nilikasirika kuhusu Kapena, na niliogopa akiisoma tu atakufuata. Yaani na mimi nilikuwa naficha. Siku ya tisa nikaona nimeshika tupa na mimi. Nikampa.

Mama aliisoma amesimama jikoni. Akaisoma tena amekaa. Akaitia mkobani akaenda nayo kazini, na siku zote zilizofuata nilikuwa namwona anaitoa. Jana jioni tukiwa tunakula nikashindwa, nikamuuliza, "Mama, Babu anakuja lini?"

Akasema, "Haji."

Nikasema, "Lakini kinyonga amekufa."

Akaweka uma chini. Akasema, "Kamalei, ile Machi mimi nilijua. Fumiko alinipigia simu siku ileile, na mguu wa babu yako ulikuwa bado haujafungwa bandeji. Nikangoja aniambie mwenyewe. Nikangoja Aprili, Mei, Juni. Ananiambia mafua! Mtu amelala chini nusu siku ananiambia mafua! Ningewezaje kumwacha peke yake mtu kama huyo? Vinyonga niliwachagua kwa hasira tu, kwa sababu nilijua yeye ni mtu wa farasi." Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Sasa amekufa kinyonga, na baba yangu ameniandikia kurasa nne. Alfredo Medeiros! Ameandika 'nimeshindwa' kwa mkono wake. Huyo naweza kumwacha peke yake."

Kwa hiyo utabaki, Babu. Sharti la zamani limekufa na Kapena. Jipya ni hili, mama amenitaka niliandike kama alivyolisema: kila Jumapili utuandikie mwili wako ukoje, kilichouma na kilichoanguka, bila kupamba. Ukikosa Jumapili moja, yeye anakata tiketi.

Picha yako nimeirudisha karibu na ramani. Mwalimu aliuliza Kapena anaendeleaje, nikawaambia darasa zima amekufa, na jinsi alivyokufa, na kuhusu tupa. Hakuna aliyecheka. Yule mvulana akasema, "Angeweza kudanganya tu." Nikamwambia, "Ndiyo. Hakudanganya. Ndiye babu yangu."

Bado nina huzuni. Lakini fahari ni kubwa kuliko huzuni.

Toa tandiko kwenye sanduku. Tunafika tarehe ishirini na mbili.

Mjukuu wako,
Kamalei

Chini hapa mama anataka kuandika mwenyewe: Baba, mafua hayavunji nyonga. Nakupenda. Charlene.


Kula,
Jumapili, 15 Desemba 1996

Kamalei mjukuu wangu, na wewe Charlene binti yangu,

Marahaba. Barua yenu niliisoma langoni, kisha nikaenda kumsomea Fumiko. Alilia, akasema ni vitunguu. Nimemsamehe kwa ile simu ya Machi, naye amenisamehe kwa kumwapisha. Farasi hakuondoka. Tandiko liko mahali pake.

Mwili wangu uko hivi. Nyonga inauma asubuhi mpaka saa tatu, kisha inauma kidogo. Jumanne nilipiga goti bandani bila kutaka, nikainuka mwenyewe kwa kushika hori. Nilisahau sufuria ya maharage jikoni ikaungua, ikabidi niitupe. Sikio la kulia sasa halisikii kabisa. Ni hayo. Nilidhani kuyaandika kungenifanya mdogo, na nimeyaandika na bado napita mlangoni kwa kuinama.

Sasa ketini chini.

Leo asubuhi nilikwenda kujaza kopo la Malasada. Alikuwa juu kabisa ya mbuni, mwembamba, anatembea na kusimama, anatembea na kusimama. Nikaona anabandika kitu kwenye jani, kama tone la utelezi. Tone likatikisika. Likapasuka, ukatoka mkono, ukatoka mkia, na kabla hajakauka akawa ameshika tawi na anapanda. Urefu wake kama ukucha na nusu. Mwingine, na mwingine. Nilimwita Fumiko kwa sauti ambayo nadhani mmeisikia huko Vegas. Tukasimama hapo mpaka saa sita tukihesabu. Mimi nimepata kumi na saba, yeye kumi na nane, hatujaelewana.

Wote ni watoto wa Kapena.

Malasada nimemhamishia kizimba cha Kapena, apumzike. Watoto wameachiwa mbuni. Kopo nimelibadilisha, tundu ni la sindano, maana tone la zamani lingewazamisha. Nimetundika papai lililoiva mno ili inzi wadogo wadogo wajae, na wamejaa. Nimewasomea ukurasa wako wote, mstari kwa mstari, kwa sauti. Sijamgusa hata mmoja. Mmoja, mwenye vinundu vitatu puani vidogo kama mbegu za nyanya, alinitazama kwa jicho moja kwa muda mrefu. Jicho la pili lilikuwa kwa inzi. Nilimwambia yeye ni mtoto wa nahodha, na kwamba baba yake nilimkosea mimi.

Majina sijawapa. Hiyo kazi ni yako.

Charlene, lete kofia yako ya zamani. Daktari amesema Oktoba ijayo naweza kupanda ikiwa mtu atapanda kando yangu. Mawaridi ya mama yako yatatosha mashada matatu, la farasi wangu, la farasi wako na la kukuvisha wewe. Vinyonga watabaki nyumbani, kwenye kivuli, na Kamalei atakuwa amenifundisha nani wa kuwaachia.

Baba yako na babu yako,
Alfredo Medeiros, wa Kula